Mzee Anayemwagilia Zege

Kila siku saa kumi na moja jioni, nikirudi shule, namkuta Mzee Bonaventura anamwagilia zege. Siyo zege la nyumba inayojengwa. Ni slabu ya jiko lake mwenyewe, nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha bati, na imemwagwa tangu mwaka juzi. Anachota maji kwa kopo, anayamimina taratibu juu ya magunia ya katani yanayoifunika, anahakikisha kona zote nne zimelowa, halafu anakaa kwenye kigoda kuiangalia. Mtaani kwetu hapa Korogwe, upande wa pili wa reli, vijana wa bodaboda wakipita wanamuuliza, "Mzee, limeota majani?" Naye anawajibu bila kukasirika, "Bado. Labda mwakani."

Jiko lenyewe halijawahi kuwashwa. Lina kuta mbili fupi za tofali, na slabu iliyolala juu yake ina matundu mawili ya kukalishia sufuria, kubwa la ugali na dogo la mboga. Hatua mbili pembeni yake kuna mafiga matatu meusi, na hapo ndipo Mzee Bonaventura anapopikia, ameinama, moshi unamwingia machoni. Mtu ana jiko zuri kuliko majiko yote ya mtaa, na anapikia kwenye mawe. Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu. Nilipofika kidato cha tatu ndiyo likaanza kuniwasha.

Asubuhi akipita mbele ya kwetu kwenda bombani, anasimama kidogo kwenye ua wetu wa mnyaa. "Habari za asubuhi, Mama Hamisa." Bibi yangu Maryamu anaendelea kufagia. Hamjibu. Mzee anasubiri kama mtu anayehesabu mpaka tano, kisha anainua ndoo yake na kwenda. Huu ni mwaka wa tatu sasa. Bibi yangu ni mtu wa kuitikia salamu hata ya mlevi, ila ya jirani yake haitikii. Na mzee hajawahi kuruka hata siku moja. Hakuna kitu kingine anachokitaka hapa mtaani, nimemchunguza sana. Anataka bibi amjibu.

Sababu inajulikana na kila mtu. Ipo kwenye shavu la kushoto la bibi, kovu linaloanzia chini ya jicho na kuishia karibu na mdomo.

Mzee Bonaventura alizaliwa Mazinde, kwenye kambi za mkonge. Baba yake alitoka Njombe enzi za manamba, akakata mkonge mpaka akazikwa hukohuko. Yeye hakushika panga. Akiwa na miaka kumi na sita alipewa mwiko, akawa anamfuata fundi wa shamba kukarabati sakafu na mifereji ya korona, ile mashine kubwa inayochakata majani ya mkonge. Kwenye korona maji yanatiririka kutwa nzima, yanaosha nyuzi, yanabeba uchafu wa kijani, yanapita juu ya kila kitu.

"Kule zege halijui kiu," aliwahi kuniambia. "Unalimwaga Jumatatu, Jumanne maji yanapita juu yake, yanapita mpaka unazeeka. Uende na nyundo, halitoki punje."

Hivyo ndivyo alivyojifunza kwamba saruji inakomaa kwa maji, na hilo ni kweli, hata vitabu vinasema. Alipopunguzwa kazi shambani akahamia Korogwe na mke wake Stefania, na huku akajulikana haraka. Mafundi wengine wakimwaga zege wanalimwagilia siku tatu, wanapokea chao, huwaoni tena. Yeye alikuwa anakuja na baiskeli na ndoo yake wiki tatu nzima, asubuhi na jioni, bila kuitwa. Alitandaza magunia ya katani yaliyoloweshwa, kama walivyofanya Mazinde, kwa sababu katani inashika maji muda mrefu. Watu wakamwita Fundi Ndoo. Vizingiti vyake, makaravati yake ya kuvushia mifereji na mifuniko yake ya mashimo ya maji machafu bado ipo mji mzima, na sijaona hata mmoja wenye ufa.

Lakini miaka yote hiyo, ukifikiria vizuri, hakuna zege lake lililokutana na moto.

Miaka mitatu iliyopita akina mama wa mtaa waliamua kujenga jiko la shughuli, la kupikia misiba na harusi, wamechoka kuhangaika na mafiga ya kuhamahama. Wakampa kazi Fundi Ndoo. Akajenga kuta, akamwaga slabu ya inchi nne yenye matundu sita ya masufuria makubwa. Shughuli ya kwanza ilikuwa harusi ya mama yangu mdogo Hamisa, na mpishi mkuu alikuwa mama wa bi harusi mwenyewe, bibi yangu, kwa sababu pilau ya watu mia tatu hamwachii mtu.

Mimi nilikuwa darasa la saba, kazi yangu kumenya vitunguu. Nakumbuka magogo yalivyowashwa yote kwa pamoja kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Nakumbuka slabu ikianza kutoa jasho, matone yanachuruzika kwenye kingo zake, na shangazi mmoja akicheka kwamba hata jiko linaona joto. Halafu mlio, kama bunduki. Halafu wa pili na wa tatu. Vipande vya zege viliruka chini ya masufuria na kwenye matundu, pilau ikamwagika kwenye majivu, na bibi akakaa chini, ameshika shavu, damu inapita katikati ya vidole.

Mzee Bonaventura alikuwepo. Alisimama mbele ya watu wote, akavua kofia. Mtu mmoja akasema, "Fundi, saruji ilikwenda wapi?" Mwingine akasema huo ni mchanga mtupu, saruji amekwenda kuuza. Yeye akajibu neno moja tu. "Nisameheni."

Basi, likawa limeisha hapo. Mtu asiyeiba anaomba msamaha wa nini? Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kazini. Na alikuwa amemzika mke wake siku tano kabla ya harusi, ila kelele za jiko zilizidi za msiba.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, maji yalilegeza mafiga ya jikoni kwetu, moja likakatika. Bibi akanituma nitafute jiwe lingine. Nikashuka mtoni, nikachagua moja zuri, la mviringo, laini kama limepigwa msasa, nikalibeba kichwani mpaka nyumbani najisifu.

Bibi aliliangalia mara moja tu. "Rudisha."

"Kwa nini, bibi? Ona lilivyo zuri."

"Zuri la kuogea. Figa la mtoni lina maji tumboni. Ukiliwashia moto linapasuka, likutoboe macho. Hamfundishwi hayo shuleni, mnafundishwa nini?"

"Jiwe linaingiaje maji?"

"Limekaa majini miaka yote hiyo, litakosa kuyanywa?"

Nikasimama na jiwe langu. Nilikuwa naangalia upande wa pili wa ua, mzee alikuwa nje na kopo lake. Maji yalikuwa yanapotea ndani ya gunia, na chini ya gunia kulikuwa na zege.

"Bibi," nikasema, "na zege je?"

Mkono wake ulikwenda shavuni, nadhani wenyewe tu.

Kesho yake nilimsubiri Mwalimu Raymond wa fizikia nje ya maabara, nikamuuliza. Ni mwalimu anayependa maswali kuliko majibu, kwa hiyo na yeye akaniuliza: zege likishakauka juu, yale maji tuliyochanganyia yamekwenda wapi? Nikasema yamekauka. Akacheka. Akaniambia sehemu ya maji inageuka kuwa kitu kimoja na saruji, ila mengine yanabaki kwenye vitundu vidogo kuliko tundu la sindano, na yanatoka polepole mno, miezi kwa miezi. Ukiendelea kulilowesha, hayatoki kabisa. Moto ukija taratibu, mvuke unapata njia. Moto ukija kwa fujo, mvuke unataka nafasi kubwa mara elfu na zaidi, nafasi haipo, basi unaitafuta kwa nguvu.

"Na likiwa limechanganywa vizuri, saruji ya kutosha?" nikamuuliza.

"Hapo ndiyo mbaya zaidi," akasema. "Vitundu vinakuwa vidogo, mvuke hauna pa kupita. Lile la mchangamchanga lingepumua."

Nilitembea mpaka nyumbani sijui nimepitia njia gani.

Mabaki ya lile jiko la shughuli yalikuwa bado yamerundikwa nyuma ya ofisi ya mtaa, nyasi zimeota juu yake. Nikachukua vipande vinne vya slabu ileile, vinavyolingana na ngumi yangu. Viwili nikavizamisha kwenye ndoo ya maji. Viwili nikaviweka kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moshi, bibi anapotundika mbegu za mahindi. Nikavitesa hivyo wiki mbili. Bibi aliviona, akaviacha.

Jumamosi moja asubuhi niliwasha moto mkubwa nyuma ya nyumba, nikaweka kipande kikavu, nikafunika na bati kuukuu, nikarudi nyuma ya mchungwa. Tulisubiri. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, anajifanya haangalii. Kuni ziliteketea, nikafunua kwa fito. Kipande kilikuwa palepale, kimebadilika rangi kidogo, kama kimeona haya.

Nikaweka kilicholowa. Kabla sijafika kwenye mchungwa, bati liliruka.

Bibi aliacha mchele. Akasema, "Weka tena. Vyote viwili."

Nikarudia. Kikavu kikatulia. Kilicholowa kikapiga kama mara ya kwanza, na kijipande kikagonga ukuta wa choo.

Bibi alisimama, akaenda kukiokota kilipopoa. Akakigeuzageuza, akakikwaruza kwa ukucha, akajaribu kukivunja kwa mikono miwili, kikakataa. "Huu siyo mchanga mtupu," akasema. Akakirudisha mkononi mwangu. "Nenda kamwambie. Mimi sina maneno."

Nilikwenda mbio. Nilikuwa na furaha, kusema kweli nilijiona kama nimebeba zawadi. Mzee alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote bila kupumua: figa la mtoni, vitundu, mvuke, ndoo, uchaga, bati. Nikamwonyesha vipande.

"Kwa hiyo hukuiba, babu. Na wala hukukosea kuchanganya. Ni maji tu."

Hakutabasamu. Aliweka mpini chini.

"Mimi nilijua sikuiba," akasema. "Niliomba msamaha kwa ajili ya zile siku mbili."

"Siku mbili zipi?"

"Alhamisi na Ijumaa. Slabu ilikuwa na wiki mbili. Stefania alilazwa, nikakaa naye hospitali siku mbili, sikwenda kumwagilia. Hata tone. Ilipopasuka nikajua ndiyo zile siku mbili, ilikauka ikafa. Nikasema nisameheni, maana nilikuwa sijatimiza kazi."

"Lakini siku mbili hazikuharibu kitu, babu. Labda hata ungeacha zaidi…"

Nilikuwa nafurahi bado. Sikuona uso wake ulivyokuwa unabadilika.

"Jumamosi alfajiri," akasema polepole, kama mtu anayepima kwa futi, "aliniambia, Bona, kaa kwanza. Nikamwambia naenda mara moja, slabu ya watu imekauka siku mbili, narudi saa mbili. Nikapanda baiskeli. Nikaimwagia ndoo kumi na mbili, nikaitandikia magunia, nikafunika na nailoni juu, isikauke nikiwa naye. Niliporudi, kitanda walishakitandika."

Kuku wake alikuwa anachakura chini ya jiko. Nilimwangalia huyo kuku kwa sababu sikujua niangalie wapi.

"Tukaenda kumzika Mazinde, Jumatatu," akaendelea. "Niliporudi nikaimwagilia kila siku mpaka asubuhi ya harusi. Magunia niliyatoa yanadondosha." Akachukua kile kipande kilichopasuka, akakitazama pale kilipovunjikia, kokoto zimekatika katikati, safi. "Zege zuri hili," akasema. "Kwa hiyo maji niliyoyafuata ndiyo haya."

Nilitamani kuyarudisha maneno yangu yote mdomoni. Nilikuwa nimemwondolea wizi ambao hakuufanya, nikamwachia kitu ambacho hakuna mtu mtaani aliyewahi kumsingizia. Nikasema, "Babu, hukujua." Akasema, "Ndiyo. Sikujua." Kisha akaniambia niende nikasome, mitihani imekaribia.

Jioni ile hakumwagilia. Magunia aliyatoa, akayaanika uani, na harufu ya katani iliyooza ikaja mpaka kwetu. Slabu ilikuwa nyeusi kwa unyevu. Nikavuka ua, nikamwuliza kwa nini hili la kwake alilimwagilia miaka miwili yote. Akasema Stefania ndiye aliyelitaka, matundu mawili, ugali na mboga viive pamoja, na alimwahidi baada ya lile la harusi atamjengea. Alipokufa akalijenga hivyohivyo. "Sikutaka na hili lipasuke," akasema. "Nikasema hili nitalinywesha mpaka lenyewe liseme basi."

Asubuhi iliyofuata alipita kama kawaida na ndoo yake, akasimama kwenye ua.

"Habari za asubuhi, Mama Hamisa."

Ufagio ulisimama. "Nzuri, Fundi," bibi akasema. "Za kwako?"

"Tunashukuru Mungu."

Hayo tu. Hakusema mengine, na bibi hakuongeza. Lakini mzee alisahau kuinua ndoo, akatembea hatua kadhaa bila hiyo, ikabidi arudi kuichukua.

Kukausha kulichukua miezi. Mwalimu Raymond alinifundisha kutandaza kipande cha nailoni juu ya slabu na kubandika kingo zote, kisha kuangalia kesho yake. Mwezi wa sita chini ya nailoni kulikuwa na matone kama mtu aliyelala na homa. Mwezi wa saba ukungu tu. Mwezi wa tisa, jua la Korogwe lilipokuwa limekausha hata mnyaa, nailoni ikaamka kavu kabisa. Nikaruka. Mzee akasema, "Subiri tena wiki mbili." Yeye na kusubiri hawajaachana.

Bibi alitoa amri kupitia kwangu. Asiwashe magogo. Siku ya kwanza magunzi machache tu, kama anayechoma chungu kipya. Siku ya pili vijiti. Siku ya tatu ndiyo kuni. Na asikae mbele ya tundu. Mzee alifuata kila neno. Siku ya magunzi watu waliokuwa wanamcheka walisimama mbali, wamejificha nyuma ya bodaboda zao, wanasubiri mlio. Hakukuwa na mlio. Siku ya pili walikuwa wawili. Siku ya tatu hakuja mtu, maana jiko lisilopasuka halina cha kutazama.

Mimi nilikuja. Bibi alinipa bakuli la mchicha wa nazi nimpelekee, akasema niseme umezidi, kwa hiyo hakuna haja ya kupika mboga.

Mzee alikuwa amesimama wima mbele ya jiko lake, hajainama, anasonga ugali kwenye tundu kubwa. Slabu ilikuwa kavu, nyeupe, ya moto, imetulia. Lakini lile tundu dogo lilikuwa wazi na moshi wote ulikuwa unapandia hapo, unamjia usoni. Alijaribu kugeuka upande, ukamfuata. Mwisho akaingia ndani, akatoka na sufuria ndogo yenye mfuniko wa bluu, akaijaza maji nusu, akaikalisha kwenye tundu. Moshi ukakatika.

"Unachemsha nini, babu?" nikamuuliza.

"Sichemshi kitu," akasema. "Inaziba."

Akarudi kusonga. Ile sufuria ndogo ikaanza kuimba pembeni yake, na mfuniko ukawa unatikisika kidogokidogo, unaachia mvuke.